Firigisi ya Maman Mukamusoni

Kaka yangu Néhémie alinipigia simu nikiwa nimetoka tu kuvuka daraja la Rusizi II na ndizi zangu, niko upande wa Bukavu. "Larissa, rudi," akasema. "Maman ameamka kusali, akajilaza tena, hakuamka." Ndizi nilimwachia jirani yangu tuliyevuka naye. Afisa wa mpakani aliuliza mbona narudi upesi hivyo. Nikamwambia mama yangu amekwenda kwa Bwana. Akagonga muhuri, nikavuka.

Nyumbani Gitambi watu walikuwa wanalia. Kisha mmoja akataja firigisi, na mchungaji ndiye aliyetangulia kucheka. Nieleze basi, kwa ambao hawakumjua Maman.

Kwetu, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, mwingine haigusi. Baba yetu, Papa Ladislas, alipofariki, mdogo wake Muhigirwa alianza kuja kila Noeli kutoka Gashonga, akaila yeye. Na aliyekula firigisi ndiye aliyeamua mambo. Noeli ya kwanza aliamua kuondoka na mbuzi wetu. Ya pili akatangaza kwamba baada ya Noeli iliyofuata tungehamia kwake, na shamba letu alilime yeye. Maman alipiga magoti usiku mwingi kwa ajili ya nyumba yetu.

Wakati huo nilikuwa sekondari, na jioni nilirudia masomo ya biolojia kwa sauti jikoni. Maman alipenda kusikia jinsi Mungu alivyompa kila kiumbe tumbo lake. Mbuzi ana tumbo la vyumba vinne. Hula haraka haraka, kisha akipumzika hurudisha majani mdomoni na kuyatafuna upya. Chura hatafuni kabisa. Humeza kwa kuingiza macho ndani ya kichwa, macho yasukume chakula kishuke. "Siku ile Mungu alikuwa na furaha," Maman alisema.

Ikafika Noeli nyingine. Muhigirwa akanyoosha mkono kwenye sahani yenye firigisi, Maman akaivuta kwake.

"Shemeji, kuku iko na meno ngapi?"

"Hakuna hata moja."

"Na mahindi inasaga na nini?"

"Na firigisi. Inameza vijiwe, bile vijiwe binasaga mule ndani."

"Basi muntu asiye na meno ndiye mwenye kuhitaji firigisi." Akafungua mdomo tuone sote. Yalikuwa yamebaki mawili, na hayakukutana.

"Maman Néhémie, iko ngumu! Itakukwama kwa shingo!"

"Ile mbuzi yangu uliyopeleka haina meno ya juu ya mbele. Imeshindwa kumaliza maharagwe yako?"

"Imemaliza yote," Muhigirwa akakiri. "Haya, na wewe urudishe mdomoni mara mbili."

Maman aliikata vipande vidogo. Akaweka kimoja mdomoni, akafumba macho kwa nguvu kama chura, akameza. Watoto wa jirani wakashangilia. Aliila firigisi ile hadi wali ukapoa, wala hakumwonjesha mtu. Alipomaliza akapangusa midomo.

"Sasa mwenye nyumba anasema. Hatuhame. Na mbuzi yangu irudi."

Muhigirwa alikuwa ameshika mbavu kwa kucheka, na mtu aliyecheka hivyo hapati tena uso wa kukataa. Mbuzi alirudi kabla ya Pasaka, na mtoto tumboni.

Tulimzika Maman Jumamosi, katika makaburi ya Gitambi. Mchungaji alimwomba Muhigirwa awashukuru watu kwa niaba ya familia, kwa kuwa ndiye mwanamume mkubwa. Akakataa. "Nyumba ya Mukamusoni iko na benyewe," akasema, akatusogeza mbele. Néhémie alishukuru, mimi nikasali. Jeneza likashushwa. Tulitupa udongo sisi wawili, kisha Muhigirwa, kisha wengine. Kwaya iliimba hadi kaburi likajaa. Tukaweka maua, tukarudi nyumbani kunawa mikono, na majirani wakaaga mmoja mmoja.