Zamu ya Kukaa na Shabani

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, Mama Domitila alipopiga hodi uani kwetu, mtaa wa Jabe, na kuingia kabla hatujamkaribisha. Ilikuwa miaka ya vita. Risasi zililia milimani juu ya mji, nasi tulikula masikio yakiwa mlangoni.

Kaka yangu Shabani, mpakizi wa mizigo bandarini, alikuwa amefungwa mnyororo mguuni kando ya jiko. Aliwaona wenzake wakiuawa barabarani, na tangu hapo kila kishindo kilimtoa mbio. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na wakati ule, mtu aliyekimbia mbele ya kizuizi cha askari hakuulizwa jina.

Kwa hiyo usimhukumu baba yetu upesi. Kila asubuhi alimwosha Shabani miguu kwa mikono yake, akaweka kitambaa chini ya chuma kisimchubue, kisha akaenda msikitini macho mekundu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mama Domitila alikuwa muuguzi, mkimbizi kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alizunguka mitaa ya Jabe na Nyakabiga akiuliza ni nyumba ipi ina mtu aliyefungwa. Wapo waliomfukuza, wakimwambia ashughulike na wa kwao. Alirudi vilevile. Hakujua kutulia, yule mama. Hata chai aliinywa amesimama.

Siku hiyo alichuchumaa, akamsalimu Shabani kwanza, kisha sisi. Akamwomba baba amfungue. Baba akamtazama.

"Nikimufungua leo, kesho utanisaidia kumuzika?"

Mama Domitila akaugusa mnyororo.

"Mi siwezi kukuapia, mzee. Lakini umefunga muguu tu. Woga haujaufunga. Tumupe mikono ya watu pahali pa chuma."

Akaeleza alichotaka: majirani wapokezane kukaa naye, na risasi zikilia, wamshike mikono na kusema naye polepole mpaka zipite. Dawa angetafuta yeye, ikipatikana. Baba alikataa. Yule mama akarudi, baba akakataa tena. Ijumaa moja, baada ya sala, alimfungua mwenyewe bila kumwambia mtu. Majirani walipoona, wakaanza kupokezana zamu.

Sasa sikia. Alasiri moja risasi ililia karibu na soko. Nilikuwa peke yangu na Shabani. Jirani wa zamu alikuwa bado njiani. Shabani aliruka, nami nikaning'inia kwenye shati lake, akaniburuta hadi barabarani. Kwenye kizuizi askari wakainua bunduki. Nikazidi kulivuta shati lake.

Mama Domitila alikuwa anakuja upande wa pili. Hakukimbia. Alitembea katikati ya barabara, viganja wazi, wala hakusema na askari.

"Shabani, ni mi. Kaa chini na mi."

Yeye mwenyewe akakaa, pale pale kwenye lami. Shabani akaacha kukimbia, akihema. Akamtazama, akakaa. Nikakaa nami. Muuza ndagala akatua beseni lake la samaki, akaja akakaa. Fundi wa magari akafuata, mikono imejaa grisi. Askari wakatutazama kwa muda mrefu, kisha wakashusha bunduki.

Tulipofika nyumbani nilijua baba atamfunga tena. Kweli aliuokota mnyororo. Alisimama nao, akatutazama mmoja mmoja.

"Kesho ni zamu ya nani?" akauliza.

Shabani hakupona kabisa, nisikudanganye. Miezi mingine alirudi bandarini, mingine alishinda ndani akiziba masikio. Lakini hakufungwa tena. Nami nikaanza kufuatana na Mama Domitila nyumba kwa nyumba. Kuna nyua tulizofika tumechelewa, na hizo hazijaniacha nilale vizuri mpaka leo.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Akili ya mtu ikivunjika, usiulize kwanza utamfungia wapi. Uliza nani atakaa naye, nawe uwe wa kwanza kujitaja. Usimbeze anayefunga kwa hofu. Mpunguzie mzigo, ndipo mkono wake utalegea. Na usiibebe kazi hiyo peke yako, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Mola akuepushe na vita tulivyoviona, akupe usingizi mtulivu, na popote utakapoishi asikunyime majirani. Amina.