Kanda Niliyoisafisha

Chumba changu cha juu, hapa Kibokoni, kina kiti kimoja tu. Wenye ugonjwa wa spika watanielewa: sauti huja vizuri mahali pamoja, katikati, na mahali hapo hutosha mtu mmoja. Mikeka na mito ya mamangu niliitoa mwenyewe. Mwanzo jamaa walikuja kusikiliza, nikawakemea kwa kukohoa, kwa kutafuna, kwa kupiga soga. Wakaacha kuja. Sasa hucheka zao barazani chini, nami nimefunga dirisha wasinichafulie muziki. Upweke huu nimejitengenezea kwa mikono yangu.

Kununua spika hizo niliuza kiwanja, jasho la miaka yangu ya Maskati, na nikajiona mjanja. Hilo nimeshalizoea. Ninalolijutia ni kanda.

Nilipokuwa Maskati, mamangu hakuwa mtu wa barua. Alizungumza mbele ya redio kaseti yake, kanda akampa yeyote anayesafiri, ikanifikia pamoja na chupa ya achari. Alipofariki ilikuwa imebaki moja, imeshaanza kushika ukungu, inavuma mwanzo hadi mwisho. Nikaona aibu sauti ya mama ipite kwenye spika zile ikiwa chafu vile. Nikaiingiza kwenye kompyuta, nikaiamuru iondoe kila mvumo. Nilisikiliza dakika za mwanzo tu. Salamu zake zilitoka safi, utadhani kaketi mbele yangu. Nikaridhika, nikaitupa kanda pamoja na redio yenyewe.

Mwezi uliopita dadangu alikuja kutoka Kizingo, akaomba kumsikia mama. Nikampa kiti, nikasimama mlangoni. Mama akasalimia, akauliza kama nala vizuri, akalilalamikia goti lake. Dadangu akawa anacheka na kulia kwa pamoja, nami nikavimba kichwa kwa kazi yangu nzuri.

Kisha mama akasema, "Wasema huko mwaka wa pili huu hujaona mvua. Haya, hapa yanyesha. Nakushikia redio dirishani, mwanangu, isikize."

Halafu kimya.

Nilikuwa nimeisahau kabisa mvua ile. Wakati ule, katika chumba cha wafanyakazi, niliirudia hadi wenzangu wakanitania, na kila mmoja wao mwishowe akaomba kuisikia. Kompyuta haikujua. Kwake mvua na uchafu wa kanda ni kitu kimoja, na mimi ndiye niliyeiambia iondoe vyote.

Dadangu akageuka. "Mvua i wapi, kaka?"

Spika zangu zilikitoa kile kimya vizuri sana, bila dosari, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Mama alikuwa amesimama dirishani, ameinyanyua redio kwa mikono miwili, ananingojea nishibe. Kisha sauti yake ikarudi, karibu kabisa, ina furaha.

"Umeisikia?"