Mahali pa Kikuba

Chupa ile aliniletea mume wangu kutoka Mombasa siku niliyotoka arobaini. Manukato ya Kizungu, chupa ya mraba, na kwenye karatasi yake yamechorwa maua nisiyoyajua. Asubuhi ya pili, alipokwenda kazini, nikaifungua peke yangu. Nilitaka kuyanusa kabla mtu hajayasemea neno.

Kwanza ilinipiga spiriti, ile ile wanayokupangusia hospitali kabla ya sindano. Nikangoja. Spiriti ikaondoka, ikaja asmini, lakini si ya uani kwetu. Ya uani huchumwa jioni, na kukicha imeshageuka rangi ya chai. Hii ilikuwa mbichi saa mbili, na saa tano bado mbichi. Nyuma yake kulikuwa na kitu kama poda, kama chumba cha mtu asiyepika. Nilinusa mkono niliojaribia manukato mpaka kichwa kikaniuma, najiuliza ni mti gani huo usionyauka.

Sisi hatukuzoea kupaka tone. Udi tunafukiza nguo. Kikuba, kile kishada cha asmini na mkadi, tunakibana kifuani. Basi mimi niliyesoma mpaka sekondari nikayamimina pale pale pa kikuba, yakatiririka huku na huku kati ya matiti.

Mwanangu alipoamka nikampa titi. Akageuza uso. Nikampa la pili, akakaza shingo, akalia kama aliyetiwa pilipili. Ikafika adhuhuri hajanyonya na sauti yake inakauka.

Mama mkwe wangu, aliyetoka Pangani kuja kunitazama uzazi, alikuwa amesimama dirishani.

"Hamkungoja arobaini," akasema. "Mmembemenda mtoto."

Yaani mimi na mume wangu tumelala pamoja kabla ya siku kutimia, na maziwa yameharibika kwa uchafu wetu. Jirani aliyekuwa akipepeta mchele nje akaacha kupepeta. Mama mkwe akaendelea kusema kwamba mtoto atampeleka Mwera kwa kaka yake, akafanyiwe dawa, anywe maziwa ya mbuzi. Akaanza kukunja nepi.

Nikamwambia, "Mama, siku zote arobaini tumelala chumba kimoja, mimi na wewe. Ungesikia."

Akanijibu kwamba watu wa skuli wana mbinu zao.

Nikamwachia nepi zake, nikakaa kitako nikafikiri. Maziwa ni yale ya jana. Mtoto ni yule wa jana. Kipya ni chupa. Skuli tulifundishwa kwamba ukitaka kujua kitu, badili kimoja na kingine ukiache kama kilivyo. Nikaenda bafuni nikasugua upande wa kulia kwa sabuni na limau, mara tatu, mpaka ngozi ikawasha. Wa kushoto sikuugusa. Niliufunika kwa leso iliyokunjwa. Nikarudi, nikamwita mama mkwe aje atazame.

Nikaanza na kushoto. Mtoto akalia, akasukuma kwa viganja. Nikaufunika tena, nikamhamisha kulia. Akalidaka titi kwa pupa, nikaumia mpaka machozi.

"Mama," nikasema, "uchafu wetu umeingia titi moja tu?"

Aliziacha nepi, akaichukua chupa, akaipeleka puani, akaitoa, akairudisha. Akaniuliza ni ua gani. Nikamwambia sijui, nami nimelitafuta tangu asubuhi. Akasema hata kwao Pangani halipo. Kisha akajipaka kidogo nyuma ya sikio.

"Huku hakuna anayenyonya," akasema.

Sikucheka. Nilimwambia arudi dirishani, aseme na hili la chupa kwa sauti ile ile. Akachungulia, akasema jirani ameshaingia ndani.

"Basi kambishie hodi, mama."

Akavaa buibui lake, akaongeza tone sikio la pili, akatoka.