Kanga ya Shangazi kwenye Klabu ya Misugusugu

Safari hii niliianza kwa kujitapa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya Msimbu, na rafiki yangu, karani wa shamba la katani karibu na Misugusugu, aliniandikia kwamba Mhispania mpiga gitaa na mkewe Mjapani, mwimbaji, wangefanya onyesho kwenye klabu ya Wazungu. Waafrika wanaojua Kiingereza walitengewa mabenchi mawili ya nyuma. Nilimsomea barua shangazi yangu Mwanaidi, mwimbaji wa harusi anayeitwa kutoka Msimbu hadi Marui. Akasema naye atakwenda. Nikamwambia hajui Kiingereza. Akaniuliza kama hao wanaimba Kiingereza.

Ijumaa alfajiri tulitembea hadi Kisarawe, na huko tukapata lori la mihogo. Shangazi alipandishwa juu ya magunia, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa cha mbwa wa tajiri wa lori. Mbwa! Nilikasirika, nikapanda nyuma yake.

Tulilala Kariakoo kwa ndugu zetu. Jumamosi saa nane mchana basi la barabara ya Morogoro lilitushusha Misugusugu, vumbi hadi kwenye kope. Karani alimwamkia shangazi shikamoo, kisha akanivuta kando na kuniomba nihakikishe mama huyu anatulia.

Saa kumi gitaa lilianza peke yake, vidole vya yule bwana vikikimbia hata huvioni. Kisha mkewe akaimba Kijapani, taratibu, neno moja akilivuta mpaka unaogopa pumzi itamwishia, na gitaa la Kihispania likimfuata bila kumharakisha. Wazungu wa mbele walikunywa chai. Shangazi alifuta macho, akaninong'oneza, "Huyu anamlilia mtu aliyezikwa mbali."

Halafu akainuka. Sikumzuia, maana kwetu mwimbaji akikugusa unamtuza palepale, wimbo ukiendelea. Ukingoja amalize umemnyima. Alipita katikati ya viti, akatoa kikapuni mwake kanga mpya ambayo hajaivaa hata siku moja, akacheza hatua mbili na kumtandikia mwimbaji begani. Mwimbaji alishtuka, akanyamaza. Gitaa nalo likanyamaza. Msimamizi wa klabu alimshika shangazi mkono kwa nguvu, akaivuta ile kanga na kuitupa sakafuni, kisha akauliza kwa Kiingereza huyu mwendawazimu anataka nini kwa mgeni wake. Mabenchi yote mawili yalinigeukia mimi.

Maneno nilikuwa nayo yote. Ningeweza kusema kwamba huyu ni mwimbaji, na anamheshimu mwimbaji mwenzake. Badala yake nilisema, kwa Kiingereza kilichonyooka, "Samahani, bwana. Ni mwanamke wa kijijini, hajui kitu."

Tulitolewa nje. Nyuma yetu walipiga makofi, na wimbo ukaanzishwa upya. Shangazi alirudi mlangoni kuomba kanga yake, akarushiwa.

Jumapili, njia nzima ya kurudi, nilifoka. Nilimlaani msimamizi, nikamlaani karani aliyekuwa akishukuru kwamba kazi yake imesalimika, nikamlaani hata yule mbwa. Tulipofika Kisarawe shangazi aliniuliza nilimwambia nini yule Mzungu. Nilimweleza, neno kwa neno.

"Yule hajui kutuza," alisema. "Simlaumu sana. Lakini wewe nilikuimbia harusi yako, mwanangu, na mama yako alinituza mbele yako. Hukuniona mjinga siku ile."

Niliisoma lugha ya wenyewe miaka minane nikisema nitawasemea watu wangu. Siku ya kuwasemea ilipofika, niliitumia kumsingizia shangazi yangu ujinga ili nisifukuzwe kwenye benchi la nyuma, na bado nikafukuzwa. Msimamizi alimuumiza mkono tu. Hilo ndilo nililojifunza, na linanikera kuliko yote.

Mwezi uliofuata palikuwa na harusi Marui. Shangazi aliimba, watu wakamtuza mmoja mmoja, nami nikainuka na kanga mkononi. Alikatisha wimbo, akaningoja nirudi kuketi na kanga yangu, kisha akaendelea kuimba.