Hatua Mbili za Mama Mkwe

Nilifika Musoma nimekaa juu ya marobota ya pamba, kwenye lori lililotoka Bunda, na sikuwa na mpango wa kukaa. Kulima pamba kule Guta kulinichosha kabla ya msimu kwisha, kama shule ilivyonichosha kabla sijafika darasa la tano. Nilikuwa kijana wa namna hiyo. Nikisikia kuna kitu sijakiona, miguu inawasha. Mwingereza bado alikuwa anatawala, na nilikuwa nimesikia kwamba Musoma kuna meli na nyumba za mawe.

Meli haikuwepo siku hiyo, ila nyumba za mawe zilikuwepo, na moja ilinishika. Ilijengwa enzi za Mjerumani. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba mtu angeweza kukaa dirishani akakunja miguu, na barazani palikuwa na matao yanayotazama ziwa. Nilisimama kuyashangaa mpaka mwenye nyumba, fundi cherehani, akaniuliza bila kuacha kukanyaga mashine yake, "We kijana, unainunua?"

"Hapana mzee, natazama tu."

"Basi shika upande huu wa kitambaa huku unatazama."

Nikashika. Nikakaa pale karibu mwaka mzima.

Fundi alikuwa Mwislamu, baba yake mtu wa Tabora aliyeinunua nyumba ile kwa Mwarabu mmoja aliyehama. Mke wake, niliyemwita shemeji, alikuwa Mzanaki wa Butiama. Siku chache baada ya mimi kufika, zilikuja habari kwamba mama yake shemeji, anayeishi peke yake kule Butiama na macho yanazidi kufifia, ameangukia moto wa kupikia na kuungua mkono. Shemeji alilia, kisha akafuta machozi akasema mama lazima ahamie Musoma. Fundi alikubali kabla mkewe hajamaliza kusema.

Ila palikuwa na jambo. Kwa Wazanaki, mama mkwe na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja, wala hawapiti mlango mmoja. Si kwa chuki, ni heshima, na fundi, japo si wa kabila hilo, aliishika kuliko wenyewe. Bibi huyo alipowahi kuja kusalimia, yeye alilala msikitini mpaka mgeni akaondoka.

Ungedhani dawa ni nyepesi: mjengee kijumba uani. Mji nao ulikuwa na sheria zake. Bwana Afya, mzungu wa kukagua majengo na vyoo, alishatamka kwamba kiwanja kimoja ni nyumba moja, na nyuma ni jiko na choo tu. Ukitaka chumba zaidi, kiunge na nyumba. Bwana Shauri, mzungu wa boma, aliipenda nyumba ile kwa ukale wake hata akawa analeta wageni wake kuipiga picha. Yeye aliongeza kwamba upande wa mbele usiguswe hata kwa msumari. Ikabaki nafasi moja, upande wa uchochoroni. Lakini huko sheria ilitaka ukuta ukae mbali na njia, na chumba kingekula hatua mbili za nafasi hiyo. Kwa hatua mbili hizo, lazima kuiomba kamati ya mji ruhusa ya pekee.

"Serikali inasema unga, mila inasema usiunge," fundi aliniambia. "Sasa mimi nishone nini hapo?"

"Kuta zikigusana tu, bibi atakataa?"

Fundi akasimamisha cherehani. "Sijui. Na mimi siwezi kumuuliza." Akanitazama. Nilikuwa nimeshainuka kutafuta baiskeli.

Butiama nilifika jua kali, mawe makubwa pande zote, nimefurahi kama niliyetumwa na mfalme. Nilimkuta bibi amekaa mlangoni, mkono umefungwa majani.

"Umetumwa na nani?"

"Na mkweo, bibi."

Akajifunika khanga usoni papo hapo, utadhani mkwe mwenyewe yumo mfukoni mwangu. Nilianza kumchorea nyumba mchangani kwa kijiti, halafu nikakumbuka haoni vizuri. Nikaokota mawe mawili, nikayabananisha, nikamwekea vidole juu yake.

"Hili lake, hili lako. Yanagusana hapa."

Akayapapasa polepole. "Kuta zigusane, si neno. Hata sokoni watu wanagusanaga. Paa?"

"Yako peke yake."

"Mlango?"

"Wako peke yako, wa uchochoroni."

"Nikikohoa atasikia?"

Sikutaka kumdanganya. "Labda kidogo, bibi."

"Asikie. Kukohoa nakohoaga hata kanisani. Lakini kukiwa na tundu la kupitia kwake, hata la paka, mimi sitoki hapa. Kamwambie binti yangu nitaungua na mkono wa pili."

Nilirudi napiga kengele ya baiskeli njia nzima, hata pasipokuwa na mtu.

Kamati ilitaka ramani, na fundi hakumjua mchora ramani. Akatandaza kitambaa cha kaki juu ya meza, akashika chaki na futi yake ya kupimia viuno, nami nikawa natoka nje kupima na kurudi kumtajia. Akachora nyumba nzima, matao, choo, uchochoro, na chumba cha bibi chenye mlango wake. Alipoona mistari inafutika, aliipitishia uzi. Sijaona ramani nzuri kama ile tena. Ungeweza kuipapasa ukajua mlango uko wapi.

Kamati ilikuja asubuhi: Bwana Shauri, Bwana Afya, mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, na karani. Bwana Afya aliishika kaki kwa vidole viwili. "Hii ni ramani au suruali?"

"Bado haijaamuliwa, Bwana," fundi akajibu, na Mhindi akacheka.

Bwana Afya hakucheka. Aliingia ndani, akakagua, akatoka na ushauri wake. "Mna ghala kubwa humu ndani. Pigeni ukuta katikati, mpeni bibi chumba. Hakuna haja ya kugusa uchochoro. Kwa nini mnataka kuvunja sheria?"

Nilimwangalia fundi. Kusema habari ya kitanda cha mama mkwe mbele ya wanaume wanne, wawili wao wazungu, kulikuwa kunamshinda, na mimi si wa ukoo. Karani akafungua kalamu yake. Niliona kabisa bibi anabaki Butiama na moto wake.

Ndipo shemeji akatokea mlangoni, bado ana unga mikononi.

"Bwana Shauri, samahani. Una mke?"

Bwana Shauri, aliyejua Kiswahili vizuri, akavua kofia. "Ninaye, mama."

"Mama yake yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko kwetu Uingereza."

"Basi wewe serikali imekupa bahari nzima kati yako na mama mkwe wako. Mimi mume wangu namwombea hatua mbili."

Mhindi alishika nguzo ya tao ili asianguke. Karani aliinamia karatasi, mabega yanatikisika. Bwana Shauri alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na mwisho hata yeye akacheka, kicheko cha mtu aliyekumbuka jambo la nyumbani.

Bwana Afya alisimamia ukaguzi wake mpaka mwisho, na kwa hilo nilimheshimu. "Je, mkokoteni utapita?" Mwashi tuliyekwisha kumweka tayari, Mjita mwenye maneno mengi, akausukuma mkokoteni wake uchochoroni, na mimi nikasimama mahali ukuta utakapokuwa, nimenyoosha mgongo kama jiwe.

"Vuta tumbo, ukuta!" mwashi akapiga kelele. Magurudumu yakapita karibu na vidole vyangu. Yalipita!

Ruhusa ikatolewa palepale, na masharti yake: mawe ya namna ileile, paa liwe chini kuliko la zamani, mlango ufungukie ndani usije ukampiga mpita njia, na mbele pasiguswe. Fundi aliitikia kila sharti kabla halijaisha. Walipoondoka alimtazama mkewe, akacheka peke yake mpaka akakosa pumzi.

Tulijenga kwa kasi ambayo sijaiona tena. Mawe tuliyavunja upande wa Mwisenge, na kila mawe yalipofika fundi aliacha nguo za watu kuja kuyapapasa. Mwashi alimfukuza. "Rudi kwenye suruali, bwana, hapa si pa sindano!" Mabati yalipopigwa, nilipanda juu nikaona kati ya paa la zamani na lile jipya pana nafasi ya mkono mzima, na anga inaonekana. Nilishuka nikamwambia shemeji. Akapanda mwenyewe kuhakikisha.

Bibi aliletwa na lori. Fundi aliposikia honi alikimbilia ndani, akaketi kwenye cherehani na kuupa mlango mgongo. Bibi alishikwa mkono na bintiye, akaupapasa ukuta wa nje, mlango, kizingiti. Akaingia. Ndani akauzunguka ukuta wote kwa kiganja kimoja, juu na chini, akitafuta tundu la paka. Halikuwepo.

Akaketi kitandani. Nyuma ya jiwe cherehani ilikuwa inanguruma.

"Ndiye yeye?"

"Ndiye, bibi."

Akapaza sauti, uso umenielekea mimi. "Mwambie mkwe wangu nimefika salama."

Cherehani ikanyamaza. Sauti ya fundi ikaja kupitia ukutani, ndogo lakini safi. "We kijana! Mwambie mama karibu sana."

"Anasema karibu sana, bibi."

"Mwambie nashukuru. Na mwambie asiache kushona kwa ajili yangu, nilikuwa napenda ule mlio."

Nilifungua mdomo nipeleke ujumbe. Cherehani ilikuwa imeshaanza.