Tulipohamisha Kundi la Sauti za Ndege

Nilikuwa kwenye foleni ya kupima majani chai hapa Boito nilipofungua simu nikakuta kundi letu halipo. Nilibonyeza tena na tena. Likaja tangazo fupi tu: kundi limefungwa kwa kushukiwa kuuza wanyama wa porini.

Hatukuwahi kuuza hata unyoya. Kazi yetu ilikuwa kurekodi sauti za ndege kwa simu na kuziweka mtandaoni. Tulikuwa wachuma chai, makarani wa viwandani na wakulima wa Kericho na Bomet, pamoja na mwalimu mstaafu wa Londiani na mumewe, ambao ndio walioanzisha kundi. Jana yake mwenzetu mmoja alikuwa ameuliza, "Nani ana bundi leo?" akimaanisha sauti ya bundi. Nadhani mashine za kampuni yenye ule mtandao zilisoma hayo zikatuhukumu.

Niliandika malalamiko, nikajibiwa na mashine nyingine. Baadaye kundi likarudi bila maelezo yoyote, na wenzangu wakaendelea kama kawaida. Mimi sikutulia. Nikichuma chai, nachungulia simu kuona kama bado tupo. Nikila, nachungulia. Mke wangu akaniambia, "Wewe na hiyo simu, mtu atadhani tuna mgonjwa hospitalini."

Ndipo niliposikia habari za mtandao usio na mwenyewe mmoja. Aliyenielewesha ni mwanachama wetu, dada mwenye duka la kutengeneza kompyuta mjini Bomet.

"Ni kama barua pepe, kaka," alisema. "Kila kundi linaweza kuweka seva yake, yaani kompyuta ya kulibeba, na hizo seva zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Yetu itakaa hapa dukani. Mtu akitufunga, atakuwa ni mimi, na mimi unajua pa kunipata."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonishika. Aliiweka seva, nami nikawatangazia watu tuhame. Nilifikiri watafurahi.

"Kwani hapa kuna shida gani?" mmoja akauliza. Mwingine alifika mahali pa kuchagua seva, akachoka, akaacha. Wachache walihama, wakakuta kimya, wakarudi walikotoka. Nami nikawa nawasukuma kila asubuhi, mpaka mtu akaniuliza kama nalipwa.

Mwalimu hakusema lolote, na nilijua asipohama yeye, hakuna atakayehama. Nikafunga safari hadi Londiani.

Nilimkuta uani akichagua viazi vya mbegu. Alinipa chai, akaniuliza habari za watoto na za mvua, nami nikajibu mbio mbio.

"Mwalimu, mbona umenyamaza?"

Alipangusa mikono kwa leso, akachukua simu, akanionyesha akaunti ya mumewe. Mzee alikuwa amefariki msimu wa mvua uliopita, na neno la siri la akaunti hiyo alikwenda nalo. Mwalimu akabonyeza rekodi moja. Kwanza ulisikika upepo, kisha mzee akinong'ona: "Ngoja. Usikohoe. Anakuja." Halafu ndege akalia kwa sauti nzito juu ya miti.

"Aliyekuwa akikohoa ni mimi," Mwalimu akasema. Akainamia simu kidogo. "Mimi nitahama, kijana wangu. Huyu atahamishwa na nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za seva. Badala yake nikamwambia ukweli: sauti tunaweza kuzipakua na kuziweka upya kwenye akaunti yake yeye, lakini akaunti ya mzee, na yote ambayo watu walimwandikia, yatabaki kule.

Alinisogezea simu. "Basi chukua sauti. Hayo mengine nikiyahitaji nitayafuata huko huko."

Tulishinda mchana kutwa mezani, maana kila rekodi alitaka kuisikiliza kwanza hadi mwisho. Mimi nilikuwa naangalia mtandao unavyovuta polepole, na miguu yangu ikichezacheza chini ya meza.

"Tulia," akaniambia. "Ndege hawahami leo."

Alipohama yeye, karibu nusu ya kundi walimfuata. Wengine wako kule kule hadi leo, na hatugombani. Mtu mmoja wa nchi ya mbali, aliye kwenye seva nyingine kabisa, alisikia rekodi akauliza ni nani huyo anayenong'ona. Mwalimu alimjibu kwa maneno mengi kuliko alivyowahi kutuandikia sisi, na mpaka sasa wanaandikiana.

Ningetulia hapo, lakini sikuumbwa hivyo. Juzi seva ilizimika adhuhuri. Nikampigia yule dada wa Bomet.

"Stima imepotea mji mzima, kaka. Ikirudi, tunarudi."

"Itarudi saa ngapi?"

"Kwani mimi ndiye natengeneza stima?" Akacheka, akakata.

Nikajaribu kuendelea kuchuma. Nilimaliza mstari mmoja, nikaweka kikapu chini, nikachukua boda boda hadi Bomet. Nilimkuta ameketi nje ya duka akila mahindi ya kuchoma. Hakushangaa kuniona. Alivunja kipande akanipa, akanisogezea kiti. Nilikula nimesimama.