Karatasi Tupu ya Theluji ya Kwanza

Kwa miaka thelathini na miwili, tangu alipoletwa bi harusi katika kijiji kile cha Bamiyani, theluji haikuwahi kulala juu ya paa la Zewar. Ikianguka tu, yeye huyo juu na beleshi lake la mbao, anakwangua na kusukuma huku akiwatania majirani waliojikunyata ndani. Mwaka huu theluji ya kwanza ilianguka siku mbili mfululizo, na Zewar alikuwa chini, mguu umefungwa vibanzi, amekaa kwenye sandali, ile meza fupi yenye makaa chini yake na blanketi zito la pamba juu yake. Mguu aliuvunja wakati wa kuvuna viazi.

Boriti ya katikati ililia. Paa la udongo likielemewa na theluji, linashuka na kila kitu, na Zewar alikuwa akiitazama boriti ile tangu alfajiri. Mwanawe wa pekee, Nauruz, anayebeba zege huko Isfahani, alikuwa amempigia simu jana yake.

"Mama, muite shangazi. Mnaishi ukuta kwa ukuta!"

"Bora paa liniangukie kuliko kumuita Gulandam."

"Mama!"

"Masikio yamekuganda? Nimeshasema."

Gulandam ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Miaka miwili nyuma, Zewar kwa pupa yake alisukuma theluji ikaangukia rundo la samadi ambayo wifi yake aliianika kiangazi kizima ili apate cha kuwasha wakati wa baridi. Gulandam akawasha samadi iliyolowa hadi theluji ilipoyeyuka, macho mekundu kwa moshi. Samahani moja ingetosha. Zewar badala yake akamwambia mbele za watu kuwa ameliweka rundo pale makusudi, apate la kulalamikia. Tangu siku hiyo hawakusemezana, hata kwenye msiba wa mume wa Zewar. Kosa lilikuwa la Zewar, wala tusizunguke, na mwenyewe alilijua. Basi tu, ulimi ule mwepesi wa kutania ulikuwa mzito wa kuomba radhi.

Boriti ikalia tena, udongo ukamdondokea kwenye chai. Ndipo aliposikia kwaru, kwaru, kwaru juu ya kichwa chake. Beleshi! Alisikiliza mpaka boriti ilipoacha kulia. Kisha kwenye tundu la moshi ikaanguka karatasi iliyokunjwa.

Kijijini kwao hata mtoto anaijua karatasi ya theluji ya kwanza. Inasema: theluji kutoka kwetu, karamu kutoka kwenu. Aliyeileta akifanikiwa kukimbia, karamu ni juu yako. Ukimkamata, unampaka masizi usoni, na karamu inakuwa juu yake.

Zewar aliikunjua. Ilikuwa paketi ya majani ya chai iliyopasuliwa, haina hata herufi moja. Gulandam hajui kuandika, na Zewar hajui kusoma. Aliisoma yote.

"Wewe mwizi wa paa!" aliita. "Shuka unywe chai!"

"Ili unikamate? Sijawa mjinga, wifi."

Wifi! Miaka miwili hakuitwa hivyo.

"Nikukamate kwa mguu upi? Niko hapa kama gunia la viazi."

Mlango ukafunguliwa. Gulandam aliingia, theluji imemganda hadi magotini, akaja moja kwa moja akainama pale pale mkono wa Zewar ulipofika. Zewar akamdaka.

"Nimekukamata!"

"Mwongo mkubwa wewe!" alipiga kelele Gulandam, lakini mkono hakuuvuta, na shavu alishalitega. Zewar akachovya vidole kwenye masizi ya birika, akampaka kuanzia paji la uso hadi kidevuni.

"Haya, karamu ni juu yangu," alisema Gulandam. "Bahati mbaya tu. Madonge ya maziwa makavu nimeshayaloweka tangu asubuhi, siagi ipo, mkate umetoka tanurini sasa hivi."

"Theluji umeitupia wapi?"

"Upande wangu."

"Na samadi yako?"

"Nimeiingiza ndani. Nina wifi mwenye beleshi, nisijihadhari?"

Zewar alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. "Nisamehe, Gulandam. Nilikukosea, nikakutukana juu yake."

"Umechelewa vipupwe viwili. Sogea huko, miguu inaniganda."

Zewar akamwachia upande wenye makaa mengi. Gulandam alipopata joto akaileta karamu, na walikuwa wanachovya mkate katika bakuli moja Nauruz alipopiga simu.

"Mama, paa?"

"Lipo."

"Nani amelikwangua?"

Zewar alimtazama wifi yake, uso mweusi, siagi kidevuni. Moyo ulimjaa shukrani. Akampa Gulandam simu.

"Ni mimi, mwanangu," alisema Gulandam. "Mama yako hajambo. Amenishika mkono tangu nishuke paani, hataki kuuachia."